Siku Niliyosafisha Mashini ya Muzee

Kazi yangu pale Birere ilikuwa kuzifufua kompyuta ambazo wale waliozitengeneza walishazikana. Zilitufikia Goma zikiwa zimechoka. Zimetumika Ulaya miaka kumi, zikapita Dubai au Kampala, zikabebwa juu ya mifuko ya mchele, na huku kwetu zikauzwa kama vitu vya maana. Mtu ananunua, anafurahi miezi sita, halafu mashini inaanza kumwambia kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, ukurasa huu haufunguki, programu ile haitaki kumjua tena. Hapo ndipo anakuja kwangu. Ninautoa mfumo wa zamani, naweka mpya, ule wa bure uliokuwa unapita mkono kwa mkono kwenye flashi, mwepesi, usiodai nguvu nyingi. Maandishi ya kiwandani yanasema haiwezekani. Mimi nasema tungoje tuone.

Wateja wapya walikuwa wakiingia wananiuliza, "Mwenye atelie iko wapi?" Nawajibu kwamba mwenye atelie, karakana hii, ni mimi. Wananitazama, kisha wanatazama nyuma yangu kama vile kuna mwanaume amejificha ukutani. Akifika wa kumi kwa wiki moja sijibu tena, naendelea kufungua skurubu zangu, na asiyependa aende kwa wale vijana wa karibu na mpaka wakamwibie RAM yake. Mama yangu husema mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu.

Lakini nyuma ya mdomo huo nilikuwa mwoga. Niseme ukweli, niliiogopa kazi yenyewe. Kuna pahali katika kuweka mfumo mpya ambapo mashini inakuuliza: una hakika? Vyote vilivyomo vitafutika. Unabonyeza ndiyo, na kuanzia hapo hakuna kurudi. Mashini za zamani betri zao zimekufa, kwa hiyo courant, umeme, ikikatika katikati unabaki na boksi la chuma. Na Goma courant inakatika inavyojisikia. Kila nilipobonyeza ile ndiyo nilianza na ishara ya msalaba, miaka yote ile, hata mashini iwe ya mtoto wa shule isiyo na kitu ila michezo.

Kwa sababu ya woga huo nilijiwekea utaratibu, na niliushika kama sala. Kwanza nasafisha: naua virusi, nafuta takataka, namwaga pubeli, lile pipa la kwenye skrini ambamo mtu hutupa asichokitaka. Pili nanakili vilivyobaki vyote kwenye disiki yangu kubwa. Tatu ndiyo naweka mfumo. Disiki yangu kubwa ilikuwa daima karibu kujaa, ndiyo maana nilianza na kusafisha, nisibebe uchafu wa watu. Niliringa na utaratibu huo. Niliwahi hata kumfokea mwenzangu mmoja wa kazi kwa kutoufuata.

Basi, muzee akaja.

Alikuwa shefu wa avenyu yetu, mkuu wa mtaa ule nilikozaliwa na ambako mama yangu bado alikuwa anakaa. Muislamu, baba yake alitoka Maniema na biashara ya chumvi na vitambaa, na yeye mwenyewe ujana wake wote aliumaliza kwenye usukani wa lori, Bukavu, Kisangani, Butembo. Sisi wenye asili ya Butembo, Wakatoliki, alikuwa anatutania kwamba tunauza hata kivuli chetu. Sote avenyu nzima tulimwita muzee tu, na neno lake lilikuwa na uzito kuliko la komini, la serikali yenyewe.

Uzito huo ulitokana na volkano. Ile ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilipita juu ya avenyu yetu yote. Haikuacha ukuta. Makaratasi ya viwanja, ya parsele kama tunavyosema, yaliungua pamoja na kabati zilizoyahifadhi, na tuliporudi tulikuta mwamba mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, bado una joto chini ya viatu. Mtu hakujua mlango wake ulikuwa wapi. Muzee alikwenda na wanaume wawili na kamba, akawaita wenye nyumba wote, na wakati kila mmoja bado anakumbuka na jirani yake yuko pale pale kumkosoa, akapima. Parsele arobaini na moja. Jina la mwenyewe, upana, urefu, anapakana na nani. Aliandika kwenye daftari, na baadaye akayaingiza kwenye kompyuta aliyoinunua kwenye ofisi fulani iliyokuwa inafunga. Daftari lilikuja kuoza kwa mvua mwaka mmoja tuliokimbia. Ikabaki kompyuta.

Kule mitaa mingine watu walikatana mapanga kwa sababu ya mita moja ya mwamba. Kwetu, hapana. Ukigombana na jirani unakwenda kwa muzee, anawasha mashini yake, mnangoja robo saa ifunguke huku mnakunywa chai, anasoma, mnarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kumbishia.

Aliileta atelie kwangu juu ya pikipiki, imefungwa kwenye blanketi. Ilikuwa ile wiki ambayo waasi walisemekana wako milimani, na kila mtu aliyetoka Sake alikuwa na habari tofauti.

"Mutoto wangu," aliniambia, "komini wanaomba liste yetu, ile ya parsele, mu flashi. Mashini inaikataa flashi. Unaweza kuiamsha?"

"Muzee, hii nitaiamsha mpaka ikimbie."

"Vitu vyangu vyote viko mule ndani. Usipoteze hata kimoja."

Nikacheka. Nikamwambia sijawahi kupoteza kitu cha mtu. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana nililisema kwa sauti.

Niliifungua. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi la volkano, laini, limeshikana kwenye feni mpaka haizunguki. Nilipuliza, nikapiga chafya nusu saa. Nikafuata utaratibu: nikasafisha, nikamwaga pubeli, nikanakili kaswida zake, picha za wajukuu, barua za komini, vyote. Kisha nikaweka flashi, nikafanya ishara ya msalaba kama kawaida, nikabonyeza ndiyo. Saa ya mashini ilikuwa imekufa, ikawa inaamini tuko miaka mingi nyuma, na mfumo mpya ukagoma, nikairekebisha tarehe kwa mkono, ukakubali. Mashini ya kusaga unga ya jirani ilikuwa ikianza kunguruma, taa inafifia, na mimi nakodolea macho ile mistari ya asilimia na kumwomba Bikira Maria amzimishie jirani mashini yake. Thelathini. Hamsini na tano. Kule mbali upande wa Kanyaruchinya kitu kizito kilikuwa kinapiga, kinanyamaza, kinapiga tena. Themanini. Mia. Ikawaka kwa dakika moja na nusu, kompyuta ile iliyokuwa ikichukua robo saa. Nilipiga kigelegele peke yangu mule ndani, muuza mitumba wa mbele akachungulia.

Kesho yake mchana muzee akarudi. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikawasha, akatabasamu meno yote nje. "Aksanti, aksanti, imekuwa kijana!" Nikamwonyesha kaswida, nikamwonyesha wajukuu. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akashika kipanya kwa kile kidole chake kizito cha dereva, akakisogeza polepole mpaka kwenye picha ya lile pipa, akabonyeza mara mbili.

Ilikuwa tupu.

Akaifunga. Akaifungua tena. Akanigeukia.

"Na vya humu?"

"Muzee, hiyo ni pubeli. Niliimwaga."

"Liste ilikuwa humu."

Mwanzoni sikuelewa. Nilifikiri amechanganya, wazee huchanganya. Nikaanza kumweleza pubeli ni nini, mimi, namweleza yeye, kwa sauti ile ya kujua ninayoitumia kwa wateja. Akanyoosha mkono kunikatiza. Akanieleza. Wakati wa uasi mmoja uliopita, askari walimkamata shefu wa avenyu nyingine na orodha ya watu wake mfukoni. Kwa orodha ile walikwenda nyumba kwa nyumba, wakachagua majina. Tangu siku ile muzee hakuchapisha karatasi hata moja. Na kwa kuwa askari walikuwa wameanza kufungua hata kompyuta, alikaa akafikiria: wanaangalia wapi? Wanaangalia kwenye mafaili, kwenye picha. Mtu mwenye bunduki hawezi kuanza kuchokora takataka. Akaitupa orodha kwenye pubeli, na akiitaka anaitoa, anaisoma, anairudisha. Miaka mingi aliishi hivyo na hakuna aliyejua.

Lahaula! Na unajua kitu cha kwanza kilichonijia moyoni? Hasira. Nilimkasirikia. Ni nani anaweka mali yake kwenye takataka? Kwa nini hakuniambia? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa maneno, nikaona mikono yake juu ya magoti, imetulia, inangoja nimwambie kwamba kuna dawa. Hasira ikaniishia, ikabaki hofu peke yake.

"Kuna dawa?" akauliza.

Nilimwambia ukweli kama nilivyoujua. Kitu kilichofutwa hakiondoki saa ile ile. Kinabaki kwenye disiki, ila nafasi yake imetangazwa kuwa wazi. Kama hakuna kilichokuja kukaa juu yake unaweza kukirudisha. Lakini mimi nilikuwa nimeleta mfumo mzima, mpya, ukakaa. Labda umekaa juu ya orodha yote. Labda nusu. Labda bahati, umekaa pembeni. Nikachomoa waya wa mashini kabla hata sijamaliza kusema, isiandike hata herufi moja zaidi. Disiki nikaitoa, nikaifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa.

"Inataka masaa mangapi?"

"Nane. Tisa. Bila kukatika."

"Kesho," akasema. "Asubuhi."

Nilikwenda kwa mama nikamweleza. Alikuwa anachambua maharagi. Hakupiga kelele, jambo ambalo si kawaida yake. Aliuliza tu, "Na yetu?" Nikamwambia yetu pia, mama, zote arobaini na moja. Akarudi kwenye maharagi.

Asubuhi ile mji ulikuwa umeshaanza kugeuka. Barabarani watu walikuwa wanapita na magodoro, wengine wanatoka Katoyi wanakwenda mpakani, wengine wanatoka mpakani wanarudi Katoyi, kila mmoja ana hakika mwenzake anakosea njia. Courant hakuna. Nilisimama mlangoni pa atelie na ile disiki kifuani nikataka kulia. Nikamwona muzee anakuja na toroli la kuazima, anasukuma betri ya lori. Ya lori lake lenyewe, lililokufa zamani. Betri alikuwa ameibakiza nyumbani kwa taa na redio.

"Dereva haachi betri yake," akasema, akihema.

Tukaunganisha betri na konvatisa yangu, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri, konvatisa na kompyuta yangu ndogo, na disiki yake pembeni kwa waya. Nikaanzisha ile programu ya kutafuta. Inasoma disiki kipande kwa kipande, tangu mwanzo, inauliza kila kipande: wewe ulikuwa nani? Asilimia moja ilichukua karibu dakika tano. Nilizima taa ya skrini mpaka ikawa karibu giza, kuibania betri.

Simu ikalia. Mama, kwenye barriere, lango la mpakani, pamoja na kaka zangu na mabegi.

"Uko wapi? Tunavuka."

"Mama, vuka. Mimi nitakuja."

"Unabakia kwa ajili ya chuma?"

"Mama, unajua kwa ajili ya nini."

Akakata. Mama yangu hakuwahi kunikatia simu maishani mwake.

Saa nne risasi zilianza karibu. Si zile za mbali unazozizoea. Hizi zilikuwa zinapasua bati. Tulilala chini, mimi na muzee, sakafuni katikati ya vipande vya mashini za watu, na kompyuta nikaishusha chini na mimi, juu ya kitambaa, waya zimenyooka. Muzee alikuwa anasali kwa sauti ya chini. Kila baada ya muda anaikatiza sala yake.

"Imefika wapi?"

"Ishirini na tisa."

Anaendelea kusali.

"Sasa?"

"Thelathini. Muzee, usiniulize kila dakika, nitakuwa kichaa!"

"Mimi sikuulizi wewe. Ninamuuliza Mungu, wewe unanijibia."

Nikacheka, nimelala chini namna ile. Wakati huo huo kitu kikaanguka barabarani, vumbi likatoka darini likaanguka juu yetu, nikalala juu ya ile disiki kwa mwili wangu. Sikufikiria. Baadaye niliona aibu kwamba sikulala juu ya muzee.

Nilikuwa na hofu tatu na zilikuwa zinapokezana. Risasi. Betri, ambayo taa yake ndogo ya kijani ilikuwa imekuwa ya njano. Na ile ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote: kwamba tutafika mia na hakutakuwa na kitu. Kwa risasi angalau unajua ufanye nini, unalala chini. Kwa ile ya tatu nililala chini na haikusaidia.

Ilipofika sitini na nane kitu cha kwanza kikatokea. Maandishi yaliyovunjika, alama za ajabu, na katikati yake jina. Jina la mtu wa avenyu yetu, fundi viatu, na namba. Upana kumi na mbili, urefu ishirini. Nilimshika muzee mkono, mimi, kumshika mkono mtu wa umri wa baba yangu. Akavaa miwani, akasoma, akasema jina lile kwa sauti kama anaita mtu aamke.

Yakaja mengine. Matatu pamoja, halafu takataka ndefu ya alama, halafu saba. Betri ikawa nyekundu kwenye themanini na sita. Nikazima hata ile skrini, tukabaki tunasikiliza disiki ikikwaruza mchana ule, skrini giza, hatujui kama inafika. Nilipowasha tena ilikuwa imemaliza. Nikahifadhi pahali patatu tofauti na konvatisa ikapiga mlio na kufa, kompyuta ndogo ikabaki na chaji yake kidogo.

Ishirini na sita. Nilihesabu mara nne. Zile kumi na tano zilizobaki mfumo wangu mpya, mzuri, mwepesi, ulikuwa umezikalia. Muzee alipitisha kidole kwenye majina akitafuta la kwake, likapatikana. Akanitafutia letu. Halikuwapo.

"Ishirini na sita ni nyingi," akasema. Nami nilijua anachosema si kweli, naye alijua najua.

Waasi wakaingia, mji ukabadilisha wenyewe. Mama alirudi kutoka ng'ambo baada ya siku kadhaa, na watu wengine wa avenyu, wengine hawakurudi. Zikaanza kupita sura tusizozijua, wanaume wamevaa mabuti, wanasimama mbele ya parsele isiyo na mtu na kuuliza: hii ya nani? Kila aliyeulizwa alikuwa anasema, muulizeni muzee. Na muzee hakuweza tena kungoja. Aliwaita waliokuwapo, akawaambia mashini iliharibika na sehemu ya liste ilipotea, tutapima upya zilizopotea, leo, kabla wengine hawajaja kutupimia. Alisema hivyo tu. Mashini iliharibika. Hakunitazama. Nilisimama nyuma ya watu na kompyuta mkononi.

Tukaanza kutembea na kamba. Zile ishirini na sita zilikuwa rahisi, namsomea mtu, anaitikia, tunasonga. Zilizopotea, tuliuliza. Muzee alikumbuka nyumba na watu wake, namba hakuzikumbuka. Hakuwahi kuzihifadhi kichwani, ndiyo maana aliziandika. Pale jirani wa pande zote mbili walipokuwapo, walibishana, wakatajana mababu, wakafika mahali, nikaandika. Lakini wengi hawakuwapo. Wako Uganda, wako Bukavu, wako makambini, wamekufa. Na kwenye mwamba mpaka ni nini? Ni mstari wa mawe, na jiwe lina miguu. Kwa hiyo nikaanza kuona jambo, polepole, nyumba ya pili, ya tatu. Aliyekuwapo alikuwa anaongezeka. Mita moja, mita mbili, daima upande wa yule asiyekuwapo. Wanasema bila kupepesa macho, watu ninaowajua, waliotugawia chakula wakati wa njaa. Muzee anauliza, "Una hakika?" Wanasema, hakika kabisa. Nikaandika.

Ya sita katika zile zilizopotea ilikuwa yetu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amefunga kitenge chake kizuri. Upande wa kulia wetu kulikuwa na parsele ya mama mmoja mjane aliyevukia Uganda baada ya volkano ya pili na watoto wanne. Hatukuwa na habari zake. Muzee akauliza upana.

"Kumi na saba," mama akasema.

Nilikuwa nimeshaandika ile moja ya mwanzo. Kidole kikasimama.

Ilikuwa kumi na tano. Ukuta wa mawe wa mbele, ambao ulishaanguka, tuliujenga mimi na mama kwa mikono yetu, nilikuwa nabeba, yeye anapanga, anahesabu kwa sauti mita kwa mita, na siku tuliyofika kumi na tano yule mjane alitoka na uji akatuambia basi, tumefika, hapa ni kwangu, tukaketi tukanywa pamoja. Mama alikuwa pale. Mama alikunywa vikombe viwili.

Nilimwangalia. Hakuyakwepa macho yangu. Na nilimwelewa, hapo ndipo pabaya, nilimwelewa vizuri sana. Alikuwa na kaka zangu wawili wasio na pa kujenga. Mjane hayupo. Wote waliotangulia wameongeza. Muzee alikuwa ameshika kamba anangoja, na avenyu nzima iko nyuma yetu.

"Mama," nikasema, "ni kumi na tano."

Mama akaongea, si kwa sauti kubwa, ila kila mtu alisikia.

"Andika, basi. Andika wewe unayejua. Wewe uliyeifuta."

Watu wakanigeukia. Nilisikia mtu anauliza, nani alifuta? Nani? Muzee aliinama akajifanya anafungua fundo kwenye kamba. Nikaandika tano. Niliigonga mara mbili, ikabidi nifute tano moja.

Zilikuwa zimebaki nyumba tisa. Tulikwenda zote, na jua likatuchwea kwenye ya mwisho. Wote walinitajia namba zao, wakinitazama sasa kwa namna nyingine, na kati yao hakuna aliyekuwa na mtoto wake ameshika kompyuta, wa kumsahihisha. Kila waliponiambia, niliandika.